Pedeli Nne hadi Bukoba

Tik-tik-tik-tik. Mlio huo ulipita chini ya dirisha langu saa kumi ya usiku, ukashika barabara ya Kaengesa, ukapotea. Mtaa wetu wote hapa Sumbawanga unaujua. Ni gurudumu la nyuma la baiskeli ya viti viwili, mbele amekaa Yusto seremala, nyuma mkewe Cornelia, nesi. Wanafanya mazoezi. Jumatatu wanaondoka kwenda Bukoba kwa pedeli, na hakuna anayejua kama watarudi. Miaka miwili iliyopita mtoto wao wa pekee alifariki kwa homa, akiwa kidato cha nne. Siku ya kuanua matanga, Mzee Nikodemo, karani mstaafu tunayemwita Ripoti, alisimama uani, wazazi wakiwa ndani, akatuomba jambo moja: jina la kijana lisitajwe tena mbele ya wazazi wake, tusije tukatonesha kidonda. Sote tuliitikia, na mimi nikiwamo. Asubuhi ile, basi, tulikuwa kijiweni kwa Leonidas muuza kahawa, makoti yamefungwa hadi shingoni kwa baridi ya Juni, vikombe vikituunguza vidole. Ripoti alikuwapo. Kashinje, fundi baiskeli, yule tunayemwita Spana, alikuwapo. Pembeni alikaa kijana mgeni, Meshack, mwalimu aliyeletwa wiki ile kutoka Mbeya.

SPANA: Wamepita. Leo ni Kaengesa. Tangu niwaundie hiyo baiskeli wameshapima barabara tatu: Msanzi, Wampembe, na hii.

RIPOTI: Wampembe! Ule mtelemko wa kushuka ziwani? Watu wanashuka na pikipiki huku wanasali.

SPANA: Breki nilifunga mwenyewe, mzee. Frem nilichomelea mwenyewe, baiskeli mbili nikazifanya moja. Nikamuuliza, fundi, kwa nini msipande kila mtu yake? Akanijibu, kila mtu na yake tunapotezana.

LEONIDAS: Lakini Bukoba si kuna mabasi?

SPANA: Siyo habari ya basi. Haya ni mashindano, kaka. Kuna mashindano makubwa huko, mshindi anapewa gari. Fomu wameificha.

LEONIDAS: Mtu wa miaka hamsini na miwili akashindane na nani? Wewe Spana, akili zako zimejaa grisi. Mimi nimeshajua. Ni ile gesi ya heliamu, ya bonde la Rukwa. Wamepewa kifaa, kimefungwa chini ya kiti. Wakipita juu ya gesi, baiskeli inakuwa nyepesi, wanaandika mahali ilipo.

SPANA: Inakuwa nyepesi?

LEONIDAS: Si ndiyo gesi ya maputo?

SPANA: Kile kiti nimefunga mimi! Chini yake kuna springi mbili, basi.

LEONIDAS: Na wewe wangekuonyesha? Mdomo huo?

Tulicheka. Ripoti hakucheka. Alikipuliza kikombe chake mara mbili, akakiweka chini bila kunywa.

RIPOTI: Wale wanahama. Mtu akipima barabara zote za kutokea, anahama. Wanautafuta mji.

LEONIDAS: Mji gani?

RIPOTI: Hata mji hawataupata. Nimewaza sana, vijana. Watafika Bukoba, watageuza. Watafika Kigoma, watageuza. Watazeeka juu ya hiyo baiskeli. Siku moja wa mbele atakata roho kitini, na wa nyuma ataendelea kukanyaga, asijue.

Meshack, ambaye Leonidas alikuwa amemsimulia habari ya msiba ule na ombi la Ripoti, akasogea mbele kidogo.

MESHACK: Samahani, wazee. Kama jina la mtoto halitajwi, mnawaitaje? Kwetu mtu ni baba fulani, mama fulani.

SPANA: Hata hapa ndivyo ilivyokuwa. Sasa hivi mimi nasema fundi. Mkewe namwita shemeji.

LEONIDAS: Mimi, nesi.

SPANA: Na mzee wetu huyu anakohoa kwanza, ndipo anasema karibuni.

RIPOTI: Ni heshima hiyo, Kashinje. Usiifanyie mzaha.

Saa mbili ilikuwa imegonga waliporudi. Waliingia njia panda taratibu, vumbi jekundu hadi magotini, mvuke ukiwatoka midomoni. Kwa kawaida hupita tu, wakainua mkono. Siku hiyo walisimama. Yusto akashusha mguu wa kushoto, Cornelia akashusha wa kwake, wakati mmoja, bila kuambiana.

YUSTO: Shikamoo, mzee.

RIPOTI: Marahaba. Eeh... karibuni. Karibu, Bwana Seremala.

SPANA: Shikamoo, fundi. Shemeji, shikamoo. Mnyororo unasemaje?

YUSTO: Marahaba. Wa nyuma umelegea. Tumekuja unikazie, kesho siwezi kukupata, utakuwa kanisani.

Meshack alisimama, akamwachia Cornelia nafasi yake kwenye benchi. Akamwamkia, akaitikiwa: marahaba, mwanangu. Leonidas akamimina vikombe viwili. Spana akapiga goti kando ya gurudumu na vifaa vyake.

RIPOTI: Nesi, mimi ni mtu mzima, niruhusu niseme. Kaeni nyumbani. Mtu aliyeumia anakaa karibu na watu wake. Sisi tupo.

CORNELIA: Mpo, mzee?

RIPOTI: Tupo.

Cornelia aliviringisha kikombe katikati ya viganja. Ana sauti ya chini, ya mtu aliyezoea kusema na wagonjwa.

CORNELIA: Tulipotoka kuzika, mimi na huyu hatukusemezana miezi minne. Si kwa ugomvi. Kila mmoja aliogopa kumliza mwenzake. Nampikia, anakula, anasema asante kwa kichwa. Siku moja akaja na hii baiskeli. Sikumuuliza. Nikapanda.

SPANA: Mkaanguka siku ileile, palepale kwenye kona. Niliwaona, shemeji, nikajificha.

CORNELIA: Tuliendelea kuanguka. Aliye nyuma haoni barabara, anaona mgongo tu. Wa mbele akinyamaza, wote mnaenda mtaroni. Ile siku ya njia ya Msanzi tulianguka mara tatu. Mara ya tatu akalala pale kwenye majani, akacheka, akasema, "Cornelia, lile lilikuwa shimo." Basi akaanza. Shimo. Tuta. Ng'ombe. Shimo tena. Hayo ndiyo maneno aliyoniambia mume wangu baada ya miezi minne.

YUSTO: Na ng'ombe kweli walikuwa wengi.

Hatukujua kama tunaruhusiwa kucheka. Leonidas alicheka kidogo, akakatiza kicheko kwa kufuta birika.

RIPOTI: Basi tumshukuru Mungu, mmeanza kupona. Sasa Bukoba ya nini tena?

CORNELIA: Ya Wampembe.

RIPOTI: Sijakuelewa.

CORNELIA: Tulifika Wampembe jioni, mikono imekufa ganzi kwa breki. Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa akatupa maji. Akaniuliza, kama mtu yeyote anavyouliza, wewe ni mama nani? Nikamjibu. Mzee, nilikuwa sijaulizwa tangu tuzike. Siku mbili tulizokaa aliniita hivyo. Na watoto wake, na wavuvi. Mama fulani, njoo ule. Mama fulani, umelalaje? Na huyu wakamwita baba wa huyohuyo. Kupandisha ule mlima tuliisukuma baiskeli asubuhi nzima, na sikuchoka. Tukafika huku juu. Pale kwenye mizani ya mahindi mtu akaniamkia: shikamoo, nesi.

Spana aliacha kukaza. Akabaki akiutazama mnyororo kama anausoma.

CORNELIA: Huku mimi ni nesi. Ni shemeji. Ni yule mama. Miaka kumi na minane nimemlea mtoto katika mtaa huu, mzee. Alikuja hapa kununua sukari. Alitumwa na kila mmoja wenu. Leo mtaa umemfuta.

RIPOTI: Hatukumfuta! Jamani. Tuliwahurumia. Nilisimama mimi mwenyewe nikasema, tusitoneshe kidonda. Ilikuwa ni huruma.

YUSTO: Hatukujua.

RIPOTI: Mlidhani nini?

YUSTO: Tulidhani mmesahau.

Mtu mmoja alipita na mkokoteni wa kuni, akatuamkia, Leonidas akamwinulia mkono.

YUSTO: Ndiyo maana ya barabara ndefu. Mpanda, Uvinza, Kasulu, Kibondo, Biharamulo. Kila unapoomba maji, mtu anakuuliza wewe ni baba nani. Nimepiga hesabu, tukienda polepole tutaulizwa mara mia.

RIPOTI: Na baada ya Bukoba? Mtarudi?

Yusto alimtazama mkewe.

YUSTO: Turudi tuwe akina nani, mzee?

Hapo Spana alisimama, akajipangusa mikono kwa kitambaa ambacho ni kichafu kuliko mikono. Leonidas aliinamisha birika juu ya kikombe cha Ripoti, yakatoka matone mawili na masimbi ya kahawa. Hakuna aliyedai nyingine. Kisha yule kijana, Meshack, aliyekuwa bado amesimama, akauliza kwa adabu, kama anavyouliza mtu asiyejua mambo ya mtaa.

MESHACK: Samahanini. Mimi ni mgeni hapa, nisije nikakosea kesho nikikutana na mama. Kijana aliitwa nani?

Cornelia alitikisa kichwa.

CORNELIA: Usiniulize mimi, mwanangu. Waulize hawa.

Akatugeukia. Meshack naye akatugeukia. Spana alimtazama Leonidas, Leonidas akanitazama mimi, na mimi nikayatazama magoti yangu. Lilikuwa jina rahisi. Kila mmoja wetu aliwahi kuliita kwa sauti, kutoka ng'ambo ya barabara, katika mvua, katika mpira, kwa hasira na kwa kicheko. Sasa lilikuwa kama kitu cha mtu mwingine. Yusto alishika usukani. Cornelia akaweka kikombe chini, akainuka, akaupandisha mguu kwenye pedeli ya nyuma.

SPANA: Ngoja, shemeji. Ngoja kidogo.

CORNELIA: Nimengoja miaka miwili, Kashinje.

Ripoti alivua kofia yake ya sufu. Sikuwahi kumwona bila kofia katika baridi ile. Nywele zote zilikuwa nyeupe. Alijishikiza kwenye benchi, akainuka kwa tabu, akapita katikati yetu hadi ilipo baiskeli, akaweka mkono juu ya kiti cha nyuma, kando ya Cornelia. Akamgeukia kijana.

RIPOTI: Mwalimu, huyu ni Mama Raphael.