Chuma Kilichoogeshwa

Kijiwe chetu kiko Newala, mkabala na kibanda cha Fundi Anselmo, na kahawa yake naikaanga, naitwanga na kuimimina mimi mwenyewe. Mwaka huo ndio kwanza watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua korosho, na kila asiyekuwa na kazi alijiita mfanyabiashara. Wateja wangu wa kudumu walikuwa watatu. Nurdin, muuza mitumba, tulimwita Soko Huria, maana kila ubishi aliumaliza kwa kusema soko litaamua. Apolinari alikuwa Injinia. Alipaka grisi mashine za kiwanda cha korosho mpaka kilipofungwa, na tangu siku hiyo anazijua mashine zote za duniani. Mzee Husseni alikuwa Redio, na mtu akikaa naye kidogo tu anajua kwa nini. Ni watu wema. Ila wakikaa pamoja akili zao hazijumlishwi, zinatolewa.

Asubuhi hiyo alitokea Mama Ida, fundi cherehani wa Mnyambe, amekumbatia kopo la maziwa ya unga kama amebeba mtoto mchanga.

— Shikamooni.

— Marahaba, alijibu Redio kwa niaba ya benchi zima.

— Fundi Anselmo yuko wapi?

— Mazishini. Hachelewi.

Mama Ida aliliweka kopo kwenye benchi taratibu, akajifuta jasho.

— Kile kichuma cha chini ya cherehani, kinachoukamata uzi wa bobini, kimevunjika. Fundi ananichongea kingine kwa tupa. Jana nimekijaribu nyumbani, bado kinakwama padogo. Akitokea tu mpeni mkononi, akimalizie, nirudi nacho kwa gari la saa nane. Kesho watoto wanatoka jandoni. Nguo zao zote nimeshakata, na hakuna hata moja iliyoshonwa.

Kisha akaenda sokoni kutafuta uzi na vifungo. Hakusema tusilifungue. Nadhani hakuona haja ya kuwaambia hivyo watu wazima.

Redio alilinyanyua kopo, akalitikisa sikioni.

— Halilii, alisema. Kopo lina chuma ndani, na halilii.

— Hebu lete, alisema Injinia.

Alifungua kifuniko, na kifuniko kikapanda na kitu. Kichuma kilikuwa kimefungwa kwa uzi, kinaning'inia katikati ya kopo bila kugusa ukuta wala chini. Kilikuwa kimepinda kama mwezi mwandamo, chenye ncha nyembamba upande mmoja, na cheusi tititi. Hata mimi niliacha kumimina.

— Hiki mtu hawezi kukichonga kwa mkono, alisema Soko Huria. Mimi nilimuuzia Mama Ida kipya cha kutoka Dar, ndani ya boksi lake. Hiki ni hicho hicho, Fundi kakipaka weusi tu.

— Chako si kiligoma kuingia? niliuliza mimi.

— Kiligoma kwa sababu cherehani lake lina kiburi cha zamani. Soko litaamua.

Injinia alikigeuza kwenye mwanga.

— Tazama huu mpindo. Tupa inakwenda mbele na kurudi, haizunguki. Huu umekerezwa na mashine. Anselmo ana mashine ya kukereza, kaifukia chini ya kibanda.

— Kaifukia, nilisema mimi. Na umeme wa kuiendesha kaufukia pia?

— Wewe mimina kahawa.

Nikamimina. Riziki yangu ndiyo hiyo, wakibishana wanakunywa.

— Mashine hiyo, aliendelea Injinia, aliiacha mzungu mmoja wa misheni. Usiku ukiweka sikio ardhini unaisikia.

— Wewe umeweka? aliuliza Soko Huria.

— Nina mgongo.

Hapo ndipo Redio aliposogea, jambo la hatari. Alinyoosha mkono akakipokea kichuma, akakinusa.

— Masizi, alisema. Masizi ya koroboi. Mimi nimewahi kumwona Fundi kwa dirisha. Anachonga, anakishika juu ya moshi wa koroboi mpaka kinakuwa cheusi. Anakwenda kukijaribisha, anarudi, anachonga. Halafu moshi tena. Mnajua chuma chenyewe alikitoa wapi?

— Springi ya lori, alisema Injinia.

— Wapi. Hili ni bomu la Mreno. Wakati wa vita vya ng'ambo ya Ruvuma mabomu yalidondoka huku, mengine hayakulipuka. Chuma cha bomu kina hasira, hakikubali kuingia kwenye cherehani la mama wa watu. Lazima kifundishwe kwanza. Sasa nyie watu wa plato hii ya Newala, niambieni: mtu anayefundishwa tunamfanyaje?

Akajijibu mwenyewe.

— Tunamtenga. Tunampaka. Tunamficha asionekane na wapita njia. Si ndiyo? Na hiki kimetengwa, kimepakwa, kimefichwa kwenye kopo hata ukuta hakigusi. Hiki chuma kiko jandoni, ndugu zangu.

 Kilikuwa kitu cha kijinga kuliko vyote nilivyopata kusikia kwenye benchi lile, na kilipangika vizuri kuliko vyote. Hata Soko Huria hakulitaja soko.

— Kwa hiyo jana alipokijaribu, alisema Injinia polepole, kikagoma...

— Kwa sababu hakijatolewa. Kinasubiri kutolewa.

— Na wa jandoni akitolewa...

— Anaogeshwa, alisema Redio. Kwanza anaogeshwa.

Wakaligeukia bakuli langu la kusuuzia vikombe. Niliwaambia maji ya Newala yanatoka mbali, hayaogeshi watu, seuze vyuma. Soko Huria akasema Fundi anatoka mazishini amechoka, akikikuta kisafi atashukuru, tutakuwa tumempunguzia kazi. Kwa mara ya kwanza tangu niwajue walikubaliana wote watatu. Redio alikitumbukiza. Injinia akakisugua kwa kitambaa changu, kila kona, mpaka ndani ya mpindo. Soko Huria akakikausha kwa shati la mtumba ambalo bado lilikuwa na karatasi ya bei.

Kikatoka cheupe kama fedha. Kilikuwa kizuri, siwezi kusema uongo. Ungeweza kukitia puani kikawa kipini. Tulikipitisha mkono kwa mkono, kila mtu akitafuta alama ya tupa na asiione, na nafikiri sote tulikuwa na furaha ya kweli, kwamba kitu kama hicho kinatoka kwenye kibanda cha mabati mbele ya macho yetu.

Fundi Anselmo alitokea kwenye saa saba, amevaa suruali ya mazishi. Ni mtu wa makelele, anayejisifu tangu anafungua mlango mpaka anaufunga. Injinia alimkabidhi kichuma kwa mikono miwili.

— Mama Ida kaleta. Tumekuogeshea.

Fundi alikitazama. Akakigeuza. Akakigeuza tena. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia kwake:

— Palikuwa pameng'aa wapi?

— Pote panang'aa, alisema Redio.

— Nilikipaka moshi chote. Mama akikitia kwenye cherehani akazungusha mara moja, moshi unafutika pale tu kinapogusa. Pale pameng'aa, hapo ndipo napitisha tupa. Kidoa kimoja, labda kama mbegu ya ufuta. Wapi?

Watu watatu walikuwa wamekishika, wa nne ni mimi. Tulikuwa tumekiangalia kuliko mtu anavyoangalia mchumba. Kidoa hakuna aliyekiona.

— Si ukipake tena, alisema Soko Huria.

— Nikipake, na cherehani liko Mnyambe?

— Si uende naye kwa gari.

— Jiriwa yangu ya kubania chuma imejengewa kwenye kisiki cha kibanda. Nitakibana na nini huko, na magoti? Nikichonga kwa kubahatisha nikila pasipohusika, kimeharibika, naanza na chuma kipya.

Mama Ida alikuwa ameshafika. Alikuwa amesimama nyuma ya benchi na vifungo vyake kwenye karatasi, na alikuwa amesikia.

— Wewe mama, hukukiangalia? aliuliza Fundi.

— Uliniambia nikitundike nisikiguse. Nilikitundika hivyo hivyo na giza la usiku.

Nilitegemea Mama Ida atutukane. Ningefurahi atutukane. Badala yake alikaa kwenye benchi, Redio akasogea kidogo kumpisha, na akafungua karatasi ya uzi. Akatoa sindano kwenye kitambaa cha kichwani. Alitutazama mikono, mmoja mmoja, kuanzia Injinia mpaka kwangu.

— Nguo zimeshakatwa, alisema. Gari lina nafasi. Nani hapa anajua kushona kwa mkono?

Gari la Mnyambe lilipiga honi kule stendi. Injinia akatazama kikombe chake, na mimi nikatazama birika.