Nembo ya Don Eleuterio Huipe

Wasikilizaji wapendwa, zimeni misumeno kidogo. Leo hapa Paracho, mji wetu wa magitaa, tunamkumbuka Don Eleuterio Huipe, fundi magitaa. Fundi kwelikweli, si wa kubahatisha.

Mtauliza, Eleuterio yupi? Ndiyo hapo sasa! Magitaa yake mmeyacheza harusini, mmeyalilia ulevini, na jina lake hamkuliona. Aliichongea karakana ya Don Fidencio Zalapa, na kichwani mwa kila gitaa ilikaa nembo ya Zalapa. Desturi yetu mnaijua: gitaa lisilo na jina ni la mwenye mbao.

Vumbi la mbao lilipomla mapafu, Eleuterio alitaka kitu kimoja tu. Gitaa moja lenye jina lake, amwachie binti yake, Nazaria. Fidencio akacheka. "Haya mzee, chonga. Likiwa na jina lako, lako. Likiwa tupu, langu."

Akachonga huku anakohoa. Kuandika jina kwa mkono hakuweza, vidole vilishaanza kutetemeka. Basi Nazaria akabuni nembo: ndege mdogo anayenyonya ua, na chini yake neno Huipe. Ikachapishwa mjini Uruapan kwenye ile karatasi nyembamba ya kulowesha majini, nembo ikateleza ikakaa juu ya mbao. Ikakaa vizuri. Nazaria anasimulia, "Baba alilipapasa jina lake kwa kidole. Akaniambia, 'We binti, kumbe na mimi nipo!'"

Lakini nembo ya namna hiyo hufunikwa kwa vanishi ya kupuliza, kidogo kidogo. Mzee hakuwahi kupuliza vanishi maishani mwake. Yeye alisugua. Kitambaa na vanishi ya spiriti, duara juu ya duara, kama alivyofundishwa na baba yake. Nazaria alikuwa jikoni anafunga korunda, vile vimkate vya mahindi, kwenye majani. Aliporudi, wino wote umehamia kwenye kitambaa. Kichwa cha gitaa kinang'aa, hakina kitu.

"Hakupiga kelele," anasema Nazaria. "Alinionyesha kitambaa tu. 'Mwanangu, nimejifuta mwenyewe.'"

Nazaria akaagiza nembo nyingine. Mzee hakuiwahi. Hakuiwahi, wapendwa.

Siku ya msiba Fidencio alikuja na maua, akapiga ishara ya msalaba, kisha akalitungua gitaa ukutani. Nazaria akamkamata mkono.

"Don Fidencio, hata maiti haijatoka!"

"Pole sana, binti. Lakini lina jina?"

Nyumba nzima iliijua desturi. Kila mtu akainamia kikombe chake cha uji wa atole.

Sasa linaning'inia dirishani kwa Zalapa, na nembo ya Zalapa kichwani. Wanasema sauti yake haina mfano.

Pole Nazaria, poleni ukoo wote wa Huipe. Nanyi wasikilizaji, mkipakata gitaa leo, jiulizeni ni mikono ya nani iliyolisugua. La kuwaliwaza zaidi sina. Nembo ya pili ilifika siku ya kumaliza matanga, ya kuinua msalaba kaburini. Nazaria anayo nyumbani. Ndege mzima, jina zima, na pa kuibandika hapana.