Bibi Aliyekaa Sebuleni

Basi lilipotoka Mbinga kushuka ziwani, kijana mbele yangu, Protasi, alimweleza mama aliyekaa naye kwamba amenunua nyumba yenye shimo sebuleni.

"Hukukagua?"

"Bibi wa muuzaji alikuwa amekaa hapo kwenye mkeka. Nimeshampa shikamoo, ningemwambiaje ainuke? Alipoondoka, nami nimeshalipa, nikakuta ubao chini ya mkeka, na chini ya ubao shimo la kumeza mbuzi."

"Muuzaji amekuficha shimo makusudi. Nenda baraza la kata, udai mkataba uvunjwe au akulipe matengenezo. Bibi awe shahidi."

"Bibi anasema yeye hakuficha kitu, alikaa tu."

Nilitafakari. Ni kweli, alikaa.

"Na muuzaji?" mama akauliza.

"Hapokei simu. Ndiyo maana nakwenda Lipingo."

"Anaishi huko?"

"Anaishi bibi yangu. Jumamosi mteja anakuja kuiona nyumba."

Mama akamgeukia. "Huyo mteja naye atakushtaki, mwanangu."

"Kwanza alione shimo, mama. Bibi yangu hainuki hata padri akiingia."

Basi likasimama Lipingo. Protasi akashuka na mkeka mpya kwapani.