Msemo wa Mwezi wa Nane

Sogeeni wanangu, sogeeni karibu, sauti yangu imekuwa nyembamba na sitaki neno hata moja lipotee njiani. Wewe mkubwa, toka hapo kwenye kizingiti, tia simu mfukoni, ukae kitini kama wenzako. Najua malori yako yanakuja saa kumi kuchukua mabango ya kampeni. Najua pia umekasirika kwa kuwa nimemwamuru dada yako asimamishe mashine tangu asubuhi. Kasirika, lakini kasirika ukiwa umekaa.

Kwanza yale mepesi. Nyumba hii ni yenu watatu, haigawanywi wala haiuzwi. Atakayeachwa na mke, au na mume, au na bahati, arudi akute kitanda. Shamba la mlimani ni la kitindamimba, maana kati yenu ndiye pekee ambaye kucha zake zimewahi kuingia udongo. Kiwanda cha uchapaji hapo mbele, nusu ni ya dada yenu, aliyekaa na wino mikononi tangu akiwa msichana, wakati nyinyi wanaume mkiogopa kuchafua mashati. Nusu ya pili si yangu kuwapa. Hiyo ni ya Taratibu.

Mnatazamana. Nimekusikia, mkubwa: "Yule mtu wa bonde?" Umelitamka kama mtu anayetema kokwa. Ndiyo, yule mtu wa bonde. Ilikuwa yake kabla hujazaliwa. Nyamazeni sasa mnisikilize, maana hili sikumwambia hata mama yenu, Mungu amrehemu.

Tulianza wawili, chumba kimoja, mashine moja ya kukanyaga kwa mguu, trei mbili za herufi za risasi. Mimi nilikuwa mwepesi wa mkono, yeye mwepesi wa jicho. Nilipanga maneno mbio mbio, naye akayasoma kinyumenyume, kutoka kulia kwenda kushoto, kama yanavyokaa kwenye fremu kabla ya kuchapwa, na kosa halikutoka mlangoni. Wateja ndio waliombandika jina la Taratibu, na mimi wakaniita Moto. Tulikula sahani moja, tukavaa aproni kwa zamu, na hakuna aliyemuuliza mwenzake ametoka mlimani au bondeni.

Mwaka mmoja tukaletewa kazi ya kalenda za ukutani, elfu nne, kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kushika. Chini ya kila mwezi paandikwe "Wahenga walisema," halafu methali. Karatasi ya mteja tuliisoma pamoja. Kesho yake Taratibu akapata habari kuwa mama yake amezidiwa, akaenda bondeni, akasema atarudi siku ya tatu. Siku ya tatu hakurudi. Ya tano hakurudi. Mteja anakuja asubuhi, anakuja jioni, ananisimamia kichwani. Na mimi, peke yangu na hasira zangu, nikafika mwezi wa nane nikakuta hauna kitu. Mteja alileta methali kumi na moja.

Fundi wa chapa hapendi nafasi tupu, wanangu. Humuuma kama jino. Ningeweza kutoka nje nikamuuliza bibi yeyote mtaani, angenipa methali ishirini bila kuinua kichwa kwenye mchele wake. Sikutoka. Nilisimama mbele ya trei, vidole vikaokota vyenyewe: "Mtu wa bonde na kesho ni ndugu wa tumbo moja." Nikasoma, nikacheka. Ilikuwa na mizani. Ilijaza mstari sawasawa, haikupungua, haikuzidi. Nikachapa zote elfu nne.

Siku ya nane Taratibu akarudi. Alikuwa amemzika mama yake. Akachukua kalenda moja, akafunua mwezi baada ya mwezi, akafika wa nane akasimama. Aliijua karatasi ya mteja. Alijua kumi na moja ni kumi na moja. Akaniangalia, nami nikainama kufunga viatu ambavyo havikuwa vimefunguka. Akaitundika ile kalenda msumarini, akavaa aproni, akaanza kazi.

Nipeni maji. Kidogo tu. Inatosha.

Kalenda zikaenda. Kwa vinyozi, maofisini, madarasani, vituo vya polisi. Miaka miwili haikuisha, nikausikia msemo wangu posta, kwenye foleni, mtu asiyenijua akimwambia mwenzake, "Kama walivyosema wahenga." Wahenga! Mhenga mwenyewe nilikuwa kijana wa miaka thelathini na moja, nyuma yake, nasubiri stempu. Sitawaficha, nilifurahi. Nilitembea siku nzima kifua mbele. Kumbe neno ni kama ng'ombe aliyekata kamba, halimuulizi mwenyewe njia. Watu wa bonde walipoomba daraja, kiongozi mmoja akasimama bungeni, "Kwani wao na kesho si ndugu? Basi wangoje." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na hadi leo kule wanavuka kwa mtumbwi na kamba. Vijana wao wakaomba kazi huku, barua zao zikakaa chini ya rundo. Nao hawakunyamaza, wakatutungia wetu: "Mtu wa mlima hata kivuli chake hukitia kufuli." Huo mmekua nao, umewauma, mkasema tazama chuki ya watu wale. Mkuki kwa nguruwe. Na wewe kitindamimba, mwalimu wangu, usiangalie sakafu. Mtihani wako wa mwaka jana niliuona ukitoka kwenye mashine, swali la tatu, "Kamilisha methali ifuatayo." Watoto arobaini darasani wamepata alama moja kila mmoja kwa uongo wa baba yako.

Sasa lile zito. Mke wa Taratibu alishikwa na uchungu akiwa hapa mjini. Wakafika mapokezi, muuguzi akasikia lafudhi yao, akamwambia mwenzake, "Hawa hawana haraka, ndugu yao kesho." Wakacheka. Wakahudumia waliokuja nyuma. Mama alipona. Mtoto hakupona. Simlaumu muuguzi peke yake, alisema lililokuwa mdomoni mwa nchi nzima, na nchi nani aliilisha? Jumatatu Taratibu akaja kiwandani, akaikunja aproni, akaiweka juu ya trei. "Moto," akasema, "mimi nakwenda kwetu." Sikumuuliza kwa nini. Naye hakuuliza nusu yake.

Mwaka juzi nilipowaambia nakwenda kwa daktari, nilikwenda bondeni. Nilimkuta anajalidi vitabu vya shule, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamwambia yote niliyowaambia hapa. Alicheka mpaka akakohoa. "Umechelewa, Moto," akasema, "halafu mimi ndiye ninayeitwa ndugu yake kesho." Kisha akakoma kucheka. "Nilishakusamehe, mzee mwenzangu. Lakini msamaha wangu mimi hauwezi kuziondoa kalenda ukutani." Nimelala na neno hilo miaka miwili. Nilikuwa naogopa. Naogopa mpaka sasa.

Haya, mkubwa, tumefika kwako. Juu ya bango ni uso wako, chini ni msemo wangu, kwa wino mwekundu, na ukamwambia dada yako, "Hii itawauma." Umechukua hasira ya baba yako ya siku tano, ukaivalisha mvi, ukaiita hekima. Unasema? Sema kwa sauti. "Siasa ndiyo hiyo, baba. Nikilegeza, wa mlimani wataniita msaliti." Kweli, watakuita. Na huenda ukashindwa, sikudanganyi. Lakini nimeuona msemo huu ukimzika mtoto, sijauona ukijenga hata choo cha shule.

Dada yako amepanga karatasi niliyomsomea jana. Inasema: "Msemo wa mtu wa bonde na kesho si wa wahenga. Niliutunga mimi, kwa hasira, kujaza nafasi kwenye kalenda. Nao ni uongo. Mwenzangu hakuchelewa, alikuwa akimzika mama yake." Chini ni jina langu. Nataka malori yako yabebe hiyo badala ya mabango, mlimani na bondeni. Siwezi kuinuka kukuzuia. Funguo ziko mezani, mashine ni ile ile, itachapa utakachoilisha.

Unakwenda wapi? Mwache, binti yangu. Mwache aende, usimfuate. Mtu mzima hashikwi mkono.

Nyinyi wawili njooni. Nipe mkono, mwalimu. Mlipe Taratibu heshima kabla ya mali; akija, apewe kiti cha mbele. Usimcheke mtu kwa alikotoka mpaka umeijua safari yake. Na ukitunga neno tamu, lilaze siku tatu… uliangalie tena… kabla hujalitoa nje.

Tulieni. Sikilizeni. Mashine hiyo. Imeanza.

Inachapa nini? Binti yangu, kanichukulie karatasi ya kwanza. Kimbia.

Umefika? Nisomee, macho yamejaa ukungu. Taratibu, neno kwa neno. Naam… naam, ni hiyo. Ni ile ile niliyokusomea. Endelea. Kuna mstari zaidi? Mimi sikukupa mstari mwingine. Rudia. "Nami mwanawe niliutumia nikijua unauma." Nani kauongeza? Ni yeye? Yuko wapi, mbona haingii?

Ingia, mwanangu. Usisimame huko na mikono ya wino. Inama, sikio lako, hapa. Umeandika "mwanawe." Nina wana wawili wa kiume. Liweke jina lako. Aibu isiyo na jina… hutafuta mwingine wa kumkalia. Simamisha mashine, liweke, ndipo mwendelee.

Radhi zangu mnazo, wote watatu. Mungu awape ulimi mzito wa kuhukumu na mwepesi wa kukiri. Zianikeni vizuri karatasi, wino ukauke… zisifike kwa watu zimechafuka.

Nendeni. Mlango msiufunge. Nataka niisikie ikianza tena.