Benchi la Wakili Nakuja

Ndugu, jamaa, majirani na wateja wetu wa zamani na wa sasa, familia imenipa mimi, kitinda mimba wa nyumba hii na karani wa ofisi ya marehemu tangu mwaka 1994, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, nami naomba mnivumilie nikikwama, maana nimezoea kupiga chapa maneno yake, sijazoea kumsemea.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961, mtoto wa pili kati ya wanne wa baba fundi seremala na mama mshona nguo, katika nyumba ile ile yenye karakana uani, ambako sote tulijifunza kutembea juu ya maranda ya mbao, na ambako yeye, kabla hata hajaanza shule, alikuwa akiamua ugomvi wa kaka mkubwa na kaka mdogo kwa kuwafungia wote wawili karakanani mpaka wacheke.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana hadi mwaka 1980, kisha akajiunga na chuo kikuu kusomea sheria na kuhitimu mwaka 1985, na tarehe 12 Desemba 1986 aliapishwa kuwa wakili, akiwa amevaa joho alilolishona mama mwenyewe, joho lililompwaya mabegani, mama akasema mwanangu atalijaza tu, na kweli baadaye alilijaza.

Aliajiriwa kwanza katika kampuni kubwa ya mawakili yenye lifti na mazulia, akaacha baada ya miaka minne kwa sababu, kama alivyopenda kusema, pale mteja alilijua zulia kuliko alivyomjua wakili wake. Tarehe 3 Juni 1991 alifungua ofisi yake mwenyewe, vyumba viwili na ukumbi mdogo juu ya duka la vioo, na kazi zake zilikuwa zile zinazomgusa mtu wa kawaida, kuandika wosia, mikataba ya kupangisha, hati za viwanja, kusajili biashara ndogo, kusimamia mirathi, na zaidi ya yote kusuluhisha watu. Siku ya ufunguzi baba alipandisha ngazi na benchi moja la mbao ngumu alilolitengeneza kwa mkono wake, akalifuta vumbi kwa kofia yake, akasema linatosha watu wawili wasiopendana au watatu wanaopendana.

Dada hakuwahi kununua kiti kingine cha wageni, nami nilipomwomba alinikatalia, maana lile benchi ndilo lilikuwa wakili mwenzake. Mwenye nyumba na mpangaji wake, mjane na mawifi zake, washirika wa duka waliokuwa hawatazamani, wote walikalishwa pale bega kwa bega, naye akafungua mlango nusu, akasema, "Kaeni hapo, nakuja," kisha akaufunga na kurudi kwenye chai yake. Mimi mezani kwangu nikijifanya napiga chapa nilikuwa nasikia yote, kwanza kimya, halafu kikohozi, halafu mmoja anamuuliza mwenzake habari ya mgonjwa nyumbani, na mara ngapi wateja walishuka ngazi pamoja bila kumwona wakili. Nikimlalamikia kwamba benchi linakula riziki yetu, alinijibu kwamba kesi iliyofia kwenye benchi haina rufaa. Ndipo mtaa mzima ukamwita Wakili Nakuja.

Mwaka 1992 shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, alileta mkataba wake wa nyumba ukaguliwe, akaambiwa kama wengine akae, naye akakaa hadi jioni, kwa kuwa yeye ndiye mteja pekee ambaye dada alimsahau kweli, na katika kumwomba radhi mambo yakawa mambo, wakafunga ndoa tarehe 18 Septemba 1993. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1995 ambaye ni muuguzi, na kijana wa mwaka 1998 ambaye ni fundi umeme.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Baba alipofariki mwaka 2011, kaka mkubwa alitaka nyumba iuzwe tugawane, kaka mdogo, anayefanya kazi katika karakana ile hadi leo, akakataa katakata, wakaacha hata kusalimiana. Dada aliwaita kwenye benchi mara nyingi, hakuna aliyekanyaga, kila mmoja akidai kwamba dada atampendelea mwenzake, na ndilo jambo pekee la ofisini nililowahi kumwona analilia.

Alianza kusumbuliwa na moyo Februari 2022, na tarehe 21 Novemba 2023 akapangiwa upasuaji, naye, bila kuniambia hata mimi, akamwita kila kaka kivyake aje saa nane mchana. Wakakutana kwenye korido ya hospitali, palipokuwa na benchi moja tu. Kitanda chake kilipopita kikisukumwa, aliinua kidole, akawatazama, akasema, "Kaeni hapo, nakuja," na milango ikafungwa.

Wakakaa. Kwanza kimya, halafu kikohozi, nami dirishani nusura nicheke, kwa kuwa utaratibu naujua, halafu kaka mdogo akauliza, "Goti lako je, kaka?" na kabla ya jioni walikuwa wanabishana ni nani kati yao aliyevunja randa ya baba zamani zile, kila mmoja akiwa amechapwa kwa ajili yake. Kaka zangu, leo naweza kusema, aliyeivunja alikuwa marehemu. Daktari alipotoka kutuambia kwamba moyo umeshindwa, walisimama pamoja, na aliyekuwa anaanguka alidakwa na mwenzake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana hadi mwisho, majirani mliotupikia na kulala nasi, mawakili wenzake, mwenye duka la vioo aliyemvumilia miaka yote kwa wateja waliopanda ngazi wakigombana, na wakili kijana atakayeiendeleza ofisi.

Asubuhi ya leo kaka zangu walilishusha lile benchi, mmoja huku, mwingine kule, na ndilo mnaloliona hapa mbele. Neno la nyumba halijaisha, najua watabishana tena, lakini wameketi, na wameacha nafasi katikati, nami nikimaliza kusoma nakwenda kukaa hapo.

Dada, tumekaa. Safari hii usijisumbue kuja. Pumzika kwa amani.