Salvator Bigirindavyi na Ugonjwa Aliofichwa

Ndugu, majirani na marafiki, familia imenituma niwasomee maisha ya mzee wetu Salvator Bigirindavyi, aliyezaliwa Kanyosha tarehe 14 Agosti 1962, akasoma shule ya msingi huko huko, kisha akajifunza kupaka magari rangi katika karakana moja ya Cibitoke, kazi aliyoifanya hadi nywele zikawa mvi. Tarehe 9 Julai 1988 alifunga ndoa na Orpha, wakajaliwa watoto wawili, Darius na Orlane.

Mwezi Juni 2023 kikohozi kilimfikisha hospitali, na daktari akawaita Orpha na Darius pembeni, akawaeleza kwamba ni saratani ya pafu, ingali changa, kwamba angeweza kukata kipande kidogo chenye uvimbe na kumwachia pumzi nyingi, au, kama alivyoona bora, kuondoa sehemu yote ya juu ya pafu la kulia ili ugonjwa usipate pa kurudia, lakini mgonjwa achague mwenyewe, na asichelewe. Wazee wa ukoo walikaa, wakaamua, kama ilivyo desturi yetu, kwamba mgonjwa hatajiwi ugonjwa wa namna hiyo, asije akauawa na hofu, basi akaambiwa ana kidonda cha vumbi la rangi pafuni, kinachohitaji kupasuliwa.

Kwa hiyo Salvator alitaka upasuaji usubiri harusi ya Orlane, na Orpha, aliyekuwa ameahidi kunyamaza, akabaki kumsihi bila sababu ya kumpa, mchana akipokea wageni wa mahari, usiku akisikiliza kile kikohozi, hata mumewe akamtania, “Mama Darius, kidonda ya vumbi inakimbilia wapi?”

Harusi ilifana mwezi Desemba mwaka huo huo. Januari picha zilionyesha ugonjwa umefika kwenye ini, kisu hakikuwa na kazi tena, na Orpha akavunja ahadi, akamweleza yote. Salvator akasema, “Mungeniambia, ningechagua.”

Hakumlaumu mtu, nasi hatumlaumu, kwa maana walioficha walificha kwa kumpenda, ila aliagiza ugonjwa wake utajwe leo mbele yenu wote: alifariki kwa saratani ya pafu, tarehe 3 Februari 2025, nyumbani kwake, Orpha akiwa kando yake, asiye na la kumficha tena.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Cibitoke, na mafundi wenzake waliofunga karakana ili wamsindikize.

Lala, Baba Darius, pumzika kwa amani.