Bi Subiri na Ukurasa wa Mumewe

Ninyi nyote mliokuja kutushika mkono leo, ndugu wa damu na wa ndoa, majirani wa mtaa wetu, wastaafu wenzake wa hospitali na mafundi wa karakana ya mabati, familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na kabla sijaanza naomba mnivumilie kwa jambo moja, nitasoma polepole kuliko kawaida, kwa sababu shemeji yangu aliyeketi hapa mbele hasikii, maneno haya haya yako kwenye kishikwambi alichokipakata, naye anayafuata kwa kidole, na sipendi nimwache nyuma.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Juni 1957, nyumbani, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya vyumba vitatu, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa baba yetu mpaka rangi na mama yetu mshona mashuka, na mama alizoea kusema kwamba mtoto huyu alizaliwa ametega sikio, maana alipolia hakunyamaza kwa kubembelezwa, alinyamaza akisikia watu wanazungumza chumba cha pili.

Alianza darasa la kwanza Januari 1965 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya soko, akamaliza la saba mwaka 1971, akafaulu vizuri, akaingia sekondari ya wasichana Januari 1972, lakini Machi 1973 baba alianguka kutoka kwenye jukwaa akipaka rangi ghorofa, akafariki, na dada akarudi nyumbani na sanduku lake la bati katikati ya muhula, hakurudi tena, kwa kuwa nyuma yake tulikuwa watatu na mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Kama alilalamika, sisi hatukusikia, ila madaftari yake ya sekondari hakumruhusu mtu yeyote ayatumie kuwashia moto, na kuna waliochapwa kwa kujaribu, mmoja wao ndiye anayewasomea.

Tarehe 3 Mei 1976 aliajiriwa katika hospitali kuu kama opereta wa simu, akapewa chumba chembamba kando ya ngazi, kisicho na dirisha, mbele yake ubao uliojaa matundu na taa ndogo ndogo, akichomoa waya hapa na kuuchomeka pale, akimuunganisha daktari na maabara, wodi na chumba cha dawa, mama aliyepiga kutoka mbali na mwanawe aliyelazwa, na kwa kuwa kutwa alikuwa akisema subiri kidogo, nakuunganisha, maneno hayo yakamfuata hadi nyumbani, akigongewa mlango ni subiri kidogo, akiitwa mezani ni subiri kidogo, watoto wa mtaani wakambatiza Bi Subiri, na wengi wenu humu ndani hamkuwahi kulijua jina lake lingine. Mwenyewe alisema ubao ule ulimtia njaa ambayo shule haikupata nafasi ya kuitibu, kwa sababu maneno ya kitaalamu yalimpita masikioni kutoka asubuhi hadi jioni, akabaki na maganda matupu, hajui ndani mna nini. Mwaka 1999 ilipoletwa mitambo inayojiunganisha yenyewe, ubao uling'olewa, naye akahamishiwa mapokezi, akafanya kazi hapo mpaka alipostaafu Juni 2012.

Kuhusu ndoa, shemeji yetu alikuwa fundi wa bati, kijana wa mabega mapana na vidole vinene, na mwaka 1978 alipiga simu hospitali kuulizia hali ya mama yake, akaunganishwa, kesho yake akapiga tena, na keshokutwa, na wiki iliyofuata, mpaka dada akamwambia kwa adabu ya kazi kwamba mgonjwa anayemuulizia aliruhusiwa siku nyingi, naye akajibu kwamba hilo analijua, mama yuko nyumbani anakunywa uji, yeye amepiga tu asikie anavyoambiwa asubiri. Walifunga ndoa tarehe 1 Septemba 1979, na tarehe 20 Aprili 1982 Mungu akawajalia binti mmoja, ambaye leo ni mwalimu wa hesabu na mama wa watoto wawili.

Karakana ya mabati ninyi mafundi mnaijua, nyundo, msasa wa umeme, mashine ya kukata na mashine ya kukunja, zote chini ya paa moja la bati lisilo na dari, na katika ujana wa shemeji hakuna aliyeziba masikio, mtu angefanya hivyo angeonekana kama bibi harusi. Sauti zikaanza kumtoka moja moja, ndege kwanza, kisha kengele ya mlango, kisha sauti ya binti yake, na kufikia mwaka 2016, alipoacha kazi, hata sauti ya mkewe ilikuwa imekwisha, sauti ile ile iliyomfanya apige simu za bure. Shemeji ametuambia kwamba hakumbuki neno la mwisho alilomsikia mkewe akisema, kwa kuwa hakujua kwamba ni la mwisho, na hilo linamuuma kuliko uziwi wenyewe.

Mwanzoni walizungumza kwa ubao wa chaki uliotundikwa jikoni, mke anaandika, mume anajibu kwa mdomo, chaki ikamkausha dada vidole na kurudia mambo yale yale kukamkausha moyo, ndipo mwaka 2018 binti yao alipowaletea kishikwambi chenye programu ya kuandikia dondoo, ambamo kila jambo hupewa ukurasa wake mdogo, na neno lolote ndani ya ukurasa laweza kufungwa pamoja na ukurasa mwingine, kama kwa uzi, ukilibonyeza ukurasa huo unafunguka. Wengine hutumia programu hizo kwa masomo na utafiti, dada alianza kuitumia kwa sababu amechoka kurudia, badala ya kumwandikia mumewe upya kwamba bomba la bafuni linavuja na fundi aliahidi kuja, aliandika bomba, akalifunga na ukurasa wa juzi, kwisha. Tangu hapo shemeji hakushinda ugomvi wowote ndani ya nyumba ile, alitulalamikia kwamba wake za wenzake husahau, wa kwake humwambia bonyeza hapo.

Siku moja shemeji akamuuliza kwa nini vifaa vya masikio alivyopewa havimsaidii, dada akaanza kuandika jibu, akagundua kwamba halijui, na hapo ndipo shule aliyoiacha Machi 1973 ilipofunguliwa tena, mezani jikoni, mwanafunzi ana umri wa miaka sitini na moja. Alisoma vitabu vya biolojia vya binti yake, akafuata masomo ya bure ya mtandaoni, akamvizia daktari wa masikio kwenye korido za hospitali aliyostaafia, na kila alichokielewa alikiandika kwa maneno yake mwenyewe katika ukurasa mmoja, kisha hakulala mpaka ameufunga na mwingine, ngoma ya sikio ikafungwa na bati linavyotikisika likipigwa, bati likafungwa na waya wa simu, waya ukafungwa na neva, na neva ikamrudisha kwenye maganda matupu aliyoyasikia ujanani, akayajaza moja baada ya jingine. Alikosea pia, aliwahi kuandika kwa uhakika mkubwa kwamba mafuta ya uvuguvugu hurudisha usikivu, akammiminia mumewe hadi mto ukaharibika, na alipojua ukweli hakuufuta ukurasa ule, aliandika chini yake kwamba amedanganyika na kwa nini, akaufunga na huo ukweli.

Mwaka 2021 alitutangazia kwamba dondoo zimetosha, sasa anaandika kitabu kidogo cha vijana wa karakana, cha kuwaeleza kwa lugha yao kelele inavyoua sikio taratibu bila maumivu, ili wazibe masikio wangali nayo, na alikiandika kwa kupita kutoka ukurasa hadi ukurasa akiunganisha, sura zikawa zinajipanga zenyewe. Lakini kila sura ilipofika mahali pa kumwonyesha msomaji mtu halisi, aliandika maneno Masikio Yake na kuyafunga na ukurasa wa jina hilo, ambao haukuwepo, programu ikayaonyesha maneno hayo kwa wino hafifu, kama inavyofanya kwa ukurasa ambao bado haujaandikwa. Alimwomba mumewe ruhusa, shemeji akakataa kwa mkato, akasema aandike masikio ya dunia nzima, yake ayaache. Sisi tulimshauri amzunguke, aandike fundi mmoja, nani atajua, alijibu subiri kidogo, na akasubiri miaka mitatu, kitabu kikiwa tayari chote isipokuwa pale, na vijana karakanani wakiendelea kupiga bati masikio wazi, jambo lililomkosesha raha kila alipopita barabara ile na kuzisikia nyundo.

Mwezi Agosti 2024 alianza kusikia maumivu ya tumbo na macho yakawa ya manjano, akapimwa katika hospitali ile ile aliyoitumikia, ikagundulika ni saratani ya kongosho, nayo ilikuwa imekwisha kusambaa. Hakumficha mumewe, aliandika ukurasa wa ugonjwa kama alivyoandika ule wa bomba, na chini yake akaandika kwamba kufa amekubali, asichokikubali ni kukiacha kitabu na pengo. Shemeji aliusoma, akatoka nje, akakaa uani, na kuanzia wiki ile binti yao alimwona kila siku akiwa na kishikwambi, akibonyeza kwa vidole viwili vilivyozoea mkasi wa bati, akifuta zaidi ya anavyoandika.

Alimaliza kuandika mwanzoni mwa mwezi huu wa Februari, dada akiwa amelazwa, akaenda na kishikwambi wodini saa ya kutazama wagonjwa, na kwa kuwa dada hakuwa tena na nguvu ya kukishika wala macho ya kusoma kwa muda mrefu, shemeji akamsomea, na ninyi mnajua mtu asiyesikia sauti yake hawezi kuipima, wodi nzima ilimsikia, muuguzi wa zamu akaja mbio kumnyamazisha, akafika mlangoni, akasimama. Alisoma kwamba mwaka 1988 karakana iliponunua mashine mpya ya kukata, mkewe alimwambia asubuhi wakinywa chai azibe masikio kwa pamba, yeye akacheka, akaenda kuwasimulia wenzake nao wakacheka, na kwamba aliyeyaua masikio yake ni yeye mwenyewe kwa kudharau neno la mkewe, ndiyo maana alikataa yasiandikwe, hakutaka mkewe alazimike kuandika aibu ile, na hakutaka aifunike kwa kumhurumia.

Dada alitikisa kichwa, akaomba kishikwambi kwa mkono, binti akamshikia, akaandika kwa kidole kimoja, polepole sana, kwamba mwaka ule hakumwambia kitu, kwa sababu na yeye hakujua, alimwambia mwaka 1997, masikio yakiwa yamekwisha kuharibika, siku binti alipomwita baba yake getini akiwa na sare za shule, akamwita tena, naye hakugeuka. Shemeji alisoma, akamtazama binti yake, akaikumbuka siku ile ya getini, na dada hakuwa amemaliza, aliandika tena kwamba yeye miaka yote alidhani mumewe anakataa kwa sababu anamlaumu, maana alikuwa akimuunganisha daktari wa masikio na watu kila siku ya kazi, na hakuwahi kumuuliza swali hata moja kwa ajili ya mtu wake. Watu hawa wawili, ambao waliandikiana mpaka bei ya nyanya, hili hawakuliandika, lilitokea kabla ya programu, kabla ya chaki, wakati bado wanasikilizana, na kila mmoja aliamini mwenzake analijua.

Pale pale shemeji alifuta maneno yale ya mwaka 1988, akaandika aliyoambiwa, akayasoma upya kwa sauti ile ile kubwa, dada akiwa amefumba macho anasikiliza, na alipomaliza dada aliomba aonyeshwe maneno Masikio Yake, akakuta wino wake umekolea. Alifariki tarehe 11 Februari 2025 asubuhi, mumewe akiwa upande mmoja wa kitanda na binti yake upande wa pili, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, na sisi ambao tulisomeshwa kwa mshahara wake hatujui bado tutaishije bila ya kuambiwa tusubiri.

Familia inawashukuru madaktari waliomtibu na ambao hawakumdanganya, daktari wa masikio aliyekubali kuviziwa koridoni, wauguzi wa wodi ile, hasa yule aliyesimama mlangoni na kuamua kutomnyamazisha mtu, majirani waliopika na kufua bila kuombwa, waliokuwa maopereta wenzake ambao tumewaona mmevaa sare za zamani, tukafarijika sana, na mafundi wa karakana, ambao wiki ijayo kitabu kikitoka kwa mpiga chapa ndio mtakaokuwa wa kwanza kukipokea, nanyi mmetuahidi kwamba mtakisoma na kwamba mtaziba masikio.

Dada, kapumzike kwa utulivu, umetusubiri vya kutosha. Mumeo ameniomba nikwambie jambo moja badala yake, kwa sababu anahofia sauti yake itatoka kubwa mno mbele za watu, anasema miaka mitatu ile, badala ya kukukatalia, angekuuliza wewe unakumbuka nini.